Mkono wa Shangazi

Shangazi alikwisha kunja mkono wa gauni na kuulaza mkono wake mapajani kwa Fides kabla Fides hajamaliza kueleza. Ulikuwa mkono mwembamba, wenye unga wa ulezi hadi kwenye kiwiko, na mshipa umesimama wazi.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Fides katika utafiti wa dawa mpya ya kuzuia malaria pale Msangano, akibeba begi la vifaa nyumba kwa nyumba na kutoa damu ya kupima kwa waliokubali kushiriki. Daktari aliyemwajiri alikaa pembeni, akimtazama.

"Shangazi, sijamaliza. Dawa hii bado inajaribiwa."

"Toa damu, mwanangu. Nimekulea mimi. Nitakukatalia wewe?"

Fides alikuwa ameshaifungua sindano. Akaiweka kando, akaufunika ule mkono kwa kiganja chake.

"Ndiyo maana siwezi kuitoa. Usikubali kwa ajili yangu. Hata ukikataa, nitabaki mwanao."

Shangazi akauliza ni akina nani walioimeza dawa hiyo, iliwafanya nini, na akiugua nani atamtibu. Fides akamjibu yote, pamoja na yale ya kutia hofu.

"Basi mimi siitaki," shangazi akasema, akishusha mkono wa gauni. "Lakini ugali mtakula."

Akaenda jikoni. Fides hakuthubutu kuinua macho. Alijua jinsi walivyokuwa wakihitaji watu wa kushiriki utafiti.

Daktari alisimama, akalichukua begi la vifaa na kulitundika begani kwake mwenyewe.

"Nyumba inayofuata, ongoza wewe," alisema. "Mimi nitabeba."