Mshono Mmoja wa Taji

Bi Zuhura alilishona taji la malkia wa mchezo wa shule huku roho ikimuuma. Malkia mwenyewe ni Tunu wa jirani, mtoto ambaye juzijuzi tu hata akisalimiwa alijificha nyuma ya kanga ya mamake! Rukaya, bintiye Zuhura, kapewa kuwa mti. Basi utepe wa kisogoni akaushikiza makusudi kwa mshono mmoja tu.

Siku ya mchezo, mbele ya wazazi wote, taji likamdondoka Tunu. Watu wakaangua kicheko. Zuhura akangoja kilio.

Tunu akaliokota, akauendea mti. "Nishikie, mti wangu. Nina kazi ya kutawala."

Makofi yakarindima. Rukaya, mti usiopewa neno hata moja, akalivaa taji, utepe ukimning'inia shavuni. Akamtazama mamake, akafungua kinywa: "Mama, mbona utepe umeushikiza kwa mshono mmoja tu?"