Kiwanja cha Ufukweni

Mkwe wangu Nam-hui alibonyeza kitufe, na bawa la kushoto la ndege ya mazoezi, ile isiyotoka chumbani, likapasuka palepale lilipopasuka la ndege ya mwanangu.

Mwanangu alitua kwenye kiwanja kidogo cha ufukweni. Abiria wakapona, yeye akafa. Kapteni Mkuu akatangaza kuwa ni uzembe, kwamba angefika mjini salama. Leo usukani ulikuwa mikononi mwake mwenyewe.

Kompyuta aliyoitengeneza Nam-hui ikalipima bawa, ikachagua pa kutua.

“Inasema ufukweni, Kapteni,” alisema mkwe wangu, akainama kwa adabu.

“Binti, kompyuta yako imerithi ujinga wa mumeo!”

Marubani vijana waliokuja kutazama wakacheka kwa kuwa mkubwa kacheka. Kapteni akageuza ndege kuelekea mjini.

Hakufika. Bawa liling'oka lote, mapaa ya nyumba yakajaa kwenye kioo, kisha kioo kikawa cheusi.

Hakuna aliyecheka. Jasho lilimtiririka Kapteni kidevuni hadi kwenye tai. Akanyanyuka.

“Kaa tu, Kapteni,” alisema Nam-hui, akainama tena, chini zaidi. “Tunarudia. Abiria wa mume wangu wako mlangoni, nao wanataka kuona.”

Nikajimiminia chai yangu ya shayiri, nikakaa vizuri.