Kuku Asitue

Kuku wa kwenye simu alipaa juu ya ua, na hakuna aliyeigusa simu hiyo.

Fundi cherehani alimtupia kuku huyo jicho la pembeni. Simu alikuwa ameiegemeza kwenye kopo la sukari, kioo kikimwelekea yeye peke yake. Pembeni mumewe alikaa wima, magoti ameyabana. Na katikati ya sebule alisimama wifi yake, msusi, mikono kiunoni. Msusi huyu akianza kusimulia, mbavu huna.

"Leo ukikimbilia jikoni tena, wifi, nitajua hunitaki," alisema, na wala hakuwa anatania. "Nabeba mkoba wangu, na hapa kwenu sirudi."

Masikini, hakujua. Tangu fundi ajifungue mapacha, kila akicheka sana mkojo ulimponyoka. Wifi akifungua mdomo tu, yeye huyoo, eti anakwenda kutazama sufuria. Sufuria gani hiyo isiyoiva miaka miwili! Hata kwa mumewe aliificha siri hiyo, kwa aibu.

Nesi wa mazoezi ndiye aliyempa ile bukta. Nyeusi, ya kawaida kabisa ukiitazama, ila ndani ina nyuzi zinazohisi misuli ya chini ya kibofu na kupeleka habari kwenye simu. Ukikaza, kuku wa kwenye mchezo anapaa. Ukilegea, anatumbukia dimbwini, na bukta inakutetemesha ukumbuke kukaza.

"Siku utakayocheka mpaka machozi na kuku asitue," nesi alimwambia, "ujue umepona, mama."

Sasa wifi naye alikuwa amefika mapema, kama kawaida yake, akawakuta wenyeji wanavaa mbio mbio kutoka kwenye rundo la nguo zilizoanuliwa, lililokuwa kitandani. Fundi hakupata hata nafasi ya kuijaribu bukta kidogo. Akawasha mchezo, akakaa, akajiombea.

"Basi feni ya saluni," msusi alianza, "ikanyakua wigi la mteja. Likaruka, likazunguka, likatua pwaa! kwenye upara wa mzee mmoja aliyemfuata mkewe!"

Kuku aliyumba, akashuka karibu na maji. Fundi alishika kiti kwa mikono yote miwili. Mumewe naye akaruka kidogo kitini. Inaonekana hadithi ilimkolea. Kuku akapaa tena.

"Nikakimbilia kulitoa. Mzee kajitazama kwenye kioo, kanikazia macho: 'Wewe binti, usiliguse! Hapo hapo!'"

Fundi alichungulia simu. Kuku yuko mawinguni! Hatikisiki! Mungu wangu, amepona!

Basi akajiachia. Alicheka kwa sauti, akapiga mapaja, akateleza kutoka kitini mpaka sakafuni, machozi yanamtiririka. Vicheko vyote alivyovimeza vilitoka siku hiyo. Msusi akamwangukia shingoni, naye analia na kucheka.

"Wifi yangu jamani! Kumbe unanipenda!"

"Nakupenda, wifi! Niongezee nyingine!"

Mumewe peke yake hakucheka. Alikodolea macho ukuta, jasho likimtoka kwenye paji la uso.

"Kaka, umenuna nini?" msusi aliuliza.

"Sijanuna," alijibu, meno yamebanana.

Fundi alijipapasa kwa siri. Mkavu! Mkavu kabisa! Akainuka na kwenda kuchemsha chai, safari hii bila kukimbizwa na mtu, huku anakata kiuno peke yake. Raha aliyokuwa nayo haina mfano.

Mumewe alimfuata jikoni, anatembea kwa hatua fupi fupi, akafunga mlango nyuma yake.

"Mke wangu," alinong'ona, "hii bukta mpya uliyoniwekea kitandani ni nzuri, sikatai. Lakini kila nikilegea inanitetemesha. Nimekaza tangu dada aingie, nimechoka. Nikiachia, itanipiga shoti?"