Koleo la Naibu Gavana

"Mama Yaozong, tangu lini naibu gavana akashika koleo?"

Bi Qiu, jirani, aliuliza hivyo akichungulia juu ya ukuta, macho kwenye banda la nguruwe.

"Anamtengenezea mama yake banda. Wako amekutengenezea nini?"

Bi Qiu akacheka, akaenda zake.

Kuang Yaozong alianza kama karani wa kijiji, akapanda wilayani, akapanda hadi jimboni, na lami ikafika mlangoni kwa mama yake mjane. Safari hii alikuja bila dereva. Nywele alizozipaka rangi nyeusi miaka yote zilikuwa zimeanza kuota nyeupe. Alifukia masanduku mawili, akanawa mikono.

"Mama, wakiyapata haya nimekwisha. Usimwambie mtu."

Hakumwambia mtu. Lakini chakula kilimshinda, na usingizi ukamruka. Mwanawe anazama, na yeye kamba hana. Akabaki na kupanda mlimani, hekaluni kwa Guanyin mwenye rehema, kufukiza ubani na kuomba, kama alivyomwombea mumewe alipougua.

Siku ya kufagia makaburi Yaozong alirudi. Tambi zilikuwa bado zinafuka moshi mezani watu wanne wa tume ya nidhamu ya chama walipoingia. Nyumba hawakuipekua. Watatu walikwenda moja kwa moja bandani.

Yaozong akaweka vijiti chini. "Ni huyo Qiu wako."

"Mdomo wake uoze!" Mama akapiga magoti mbele ya mkubwa wao. "Mwanangu, nichukue mimi. Mimi mzee, hata chakula nakula kidogo."

"Inuka, bibi."

"Huyo mwanamke kawaambia nini?"

"Hatujaongea na jirani yeyote, bibi."

Akatoa mfukoni kibao cha maombi chenye uzi mwekundu, kama vile mamia vinavyoning'inia hekaluni, akakiweka mbele ya Yaozong. Mwandiko ulikuwa mkubwa, wa mtu aliyeishia darasa la nne.

"Guanyin mwenye rehema, mfiche mwanangu Kuang Yaozong, naibu gavana, wa kijiji cha Shatang. Usimchanganye na mwingine. Masanduku yako chini ya banda la nguruwe, upande wa kisima. Yafunike vizuri."

Yaozong alikisoma mara mbili. Akamtazama mama yake, bado yuko sakafuni. Akachukua koti lake, akatoka.