Mbao za Chini ya Kitanda

Tangu maradhi yalipomlaza, Mzee Shekue aliweka mbao za mninga chini ya kitanda. Zilikuwa za kumfunikia kaburini, na kila siku mkewe, Bi Mwanaidi, alifagia pembeni mwazo bila kuzigusa.

Asubuhi hii alirudi kutoka kisimani akasikia sauti ya randa uani. Mumewe, aliyeanza kutembea juzijuzi tu, alikuwa ameinamia ubao mmoja, anahema. Mninga ni mgumu. Randa ilikwama, akairudisha nyuma, akasukuma tena.

"Baba Rukia! Tangu lini mbao za kaburi zikapigwa randa?"

"Hazipigwi," alijibu bila kuinua kichwa. "Hii ni meza. Nimechoka kukuona ukikatia mboga sakafuni."

"Na siku ukifa?"

"Siku hiyo itakuwa kazi yenu."

Bi Mwanaidi alitaka kumgombeza. Badala yake alitua ndoo, akaona jinsi ubao unavyocheza, akaenda kuukalia ncha ya pili.

"Haya, sukuma."

Randa ikaja upande wake taratibu, na maranda mekundu yakamwangukia mapajani, yananukia. Hakuyakung'uta.