Kitanda Kina Mwenyewe

Khairiya alikuwa ameshaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta pale mumewe alipoingia na vikombe viwili vya chai ya tangawizi.

Kwenye kompyuta kilikuwepo chumba cha mtoto walichokiandika pamoja tangu mimba ilipoanza kuonekana. Khairiya ni mwandishi wa programu, na ndiye aliyemfundisha mumewe kwamba katika programu hii huielezi kompyuta namna ya kujenga. Waitajia kitu na sifa zake tu, nayo yajenga yenyewe pale kwenye kioo. Basi wakaandika: dirisha, upande wa upepo. Pazia, rangi ya maziwa. Kitanda kidogo, chenye chandarua.

Mtoto alizaliwa hana uhai. Walimzika Magogoni, na jina walilomchagulia hakuna aliyethubutu kulitamka.

"Wafuta nini?" mumewe aliuliza.

"Kitanda. Hakina mwenyewe."

Aliviweka vikombe chini, akaketi kando yake. Kwenye ukucha wa Khairiya bado kulikuwa na wekundu wa hina aliyopaka akingoja kujifungua.

"Kina mwenyewe, wallahi," mumewe alisema polepole. "Ni sisi tu tusiomtaja."

Akausogeza mkono wa mkewe kwa upole, akafungua mstari mpya chini ya kitanda. Akapiga herufi moja moja, akiogopa kukosea.

Mwenyewe: Shaza.

Khairiya aliusoma mstari ule kwa sauti. Kisha akaiamuru kompyuta ijenge.