Vigae vya Mpangaji

Katika duka la vigae, Mama alivua kiatu kimoja, akakanyaga kigae chenye sura ya mbao. Kwa macho ungeapa ni mbao kabisa, lakini baridi yake ilimpanda hadi gotini.

"Chukueni hiki hiki cha bei rahisi," alimwambia mwanawe. "Mpangaji akisikia baridi, avae soksi. Kwani tunamtandikia bwana harusi?"

Tangu mwanzo mwanawe alisema kile chumba cha chini ya nyumba, kisicho na dirisha, ni cha kupangisha. Sasa hakucheka. Alimtazama mkewe.

Mkewe akamgeukia muuzaji. "Kikilowa, kinateleza?"

"Kidogo."

"Basi hapana. Mtu akianguka kule chini, sisi huku juu hatutamsikia."

"Mpangaji gani huyo wa kuangukaanguka?" Mama alicheka peke yake.

"Kumbe ni chumba cha mama?" muuzaji alidakia, akavuta kigae kingine. "Basi mwekeeni hiki cha kukwaruza, hakitelezi."

Mke wa mwanawe akakipokea.

Unyayo wa Mama ulikuwa bado juu ya kigae alichokichagua.

"Na chumba changu cha juu mnampa nani?"

Mwanawe akapiga magoti, akaanza kumvalisha kiatu.